Kofia Nyingi, Kichwa Kimoja

Barua iliyonitoa kazini ilikuwa na aya tano na haikuwa na mtu hata mmoja. Ilisema kwamba "kufuatia tathmini ya kina, imeonekana kuna haja ya kuhuisha muundo wa chumba cha habari ili kuendana na mazingira ya kidijitali." Imeonekana na nani? Haikusema. Nikaisoma mara tatu natafuta mtu wa kumkasirikia, nikamkosa. Mara ya nne ndipo nikatambua kwamba huo muundo unaohuishwa ni mimi.

Mke wangu aliisoma mara moja tu. "Wamekufukuza," akasema, akarudi kugeuza chapati.

Basi nikatoka, mhariri wa miaka ishirini na mbili, na kiinua mgongo kilichokwisha kabla mgongo haujainuka. Ada, kodi, luku, msiba wa Tanga, harusi ya Mbagala. Ulipofika mwezi wa nne nikawa naishi kwa hisani ya Mangi.

Kila mtaa wa Dar es Salaam una duka, na kila duka lina Mangi, hata kama mwenyewe si Mchaga na Kilimanjaro hajauona ila kwenye chupa ya maji. Wa kwetu ana kaunta buku aliyoipiga mistari kwa rula: jina, kitu, bei, tarehe ya kulipa. Humo mimi naitwa Mzee Gazeti. "Mzee Gazeti, unga kilo 2, sukari nusu, mafuta ya kupima, tarehe 5." Katika miaka yangu yote ya uhariri sikuwahi kuletewa habari ambayo sikuwa na la kuikata. Ile ya Mangi sikuwa na la kuikata.

Tarehe 5 ikapita. Mangi akafuta, akaandika 15. Nikaona sasa nitafute kazi.

Nilianza na Serikali, kwenye ule mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Walikuwa wanamtafuta Afisa Habari Daraja la II. Watu husema lugha ya Serikali ni ngumu, lakini tangazo lile lilinikata kwa sentensi moja, kavu, kama wembe mpya: mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliyeko tayari katika utumishi wa umma. Mimi nilizaliwa 1973. Kwaheri. Hakuna aliyenihuisha. Nikabaki kuyaonea wivu masharti mengine, maana kila moja lilisema lilichotaka kusema: maelezo binafsi yanayojitosheleza, wadhamini watatu wa kuaminika, na atakayeghushi achukuliwe hatua za kisheria. Mwisho wa orodha ya majukumu ulikuwepo ule mstari usiokosekana, kwamba atafanya kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake wa kazi. Miaka yote nilikuwa nauona mstari huo kuwa ni wa uonevu. Subiri, utaona nilivyokuja kuupenda.

Ndipo mpwa wangu akanitumia tangazo la shirika moja lisilo la kiserikali. Kazi: Afisa Mawasiliano. Atakaa Dar es Salaam na kwenda vijijini mara kwa mara, kuzungumza na wanakijiji wa Dodoma na Singida kuhusu maji. Wagogo na Wanyaturu hao atazungumza nao kwa Kiswahili, lakini tangazo lilikuwa la Kiingereza, kurasa nne, na katika kurasa zote nne maji yalitajwa mara moja: kwenye jina la mradi.

Mpwa akaja Jumapili. Yeye yuko kwenye mashirika tangu amalize chuo, anaijua lugha yao.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Keti unitafsirie."

Akatafsiri. Nikamsikiliza mpaka mwisho, nikamshukuru, halafu nikamwomba anitafsirie tafsiri.

"Hapa wanataka mtu mwenye uzoefu wa uchechemuzi."

Kuchechemea nakujua. Desemba 2011 niliteleza Jangwani nikifuatilia habari za mafuriko, nikachechemea miezi miwili. Nikamweleza.

"Siyo kuchechemea, mjomba. Uchechemuzi. Kuwasukuma wenye maamuzi wabadilishe sera."

"Si wangesema ushawishi?"

"Ushawishi upo pia. Mstari wa chini."

Na chini ya ushawishi kulikuwa na uraghbishi. Hilo angalau nina pa kulishikia: raghba ni hamu, kwa hiyo mraghbishi ni mtu wa kuwatia watu hamu. Mtaani kwetu wenye kazi hiyo huuza supu ya pweza, lakini mbele ya mpwa nikanyamaza.

Tukafika kwenye "hadidu za rejea". Jirani yangu ustadhi, aliyekuwa amepita kuomba chaja, akasimama mlangoni. "Hadidi," akasema kwa heshima, "ni sura ya 57 ya Kurani. Maana yake chuma." Mpwa akamweleza kwa adabu kwamba hii ni nyingine, ni karatasi inayosema kazi yako inaanzia wapi na kuishia wapi. Ustadhi akaichukua ile karatasi, akaipitia kurasa zote nne, akairudisha. "Sijaona inapoishia," akasema, akaenda na chaja.

Kuanzia hapo nikachukua kalamu nyekundu, ile ile ya kazini, nikawa naandika pembeni maana ya kila kitu kama mpwa alivyonifafanulia baada ya kumbana. Nawawekea hapa, kwa kuwa najua sikufukuzwa peke yangu.

Mazingira ya kazi yenye kasi: waliokuwepo wawili wameacha, kazi zao utafanya wewe.

Mwenye kujituma bila kusimamiwa: mkubwa wako yuko safarini.

Mshahara wenye ushindani: utashindana na kodi ya nyumba. Hawasemi nani hushinda.

Kujengewa uwezo: semina. Hili sikuhitaji kuelezwa. Mimi nimejengewa uwezo Morogoro, nimejengewa Bagamoyo, Arusha nimejengewa mara mbili. Juu ya kabati letu kuna mabegi kumi na moja ya semina, na mke wangu huyatumia kuhifadhia vitunguu. Kwa uwezo niliojengewa, leo ningekuwa ghorofa.

Kuhakikisha uonekano wa shirika: fulana, kalamu, bango. Mpwa alikiri kwamba amewahi kufika kijiji chenye kisima kimoja na mabango matatu ya kisima.

Kuandaa simulizi za mafanikio: kumpiga picha mama mwenye ndoo akicheka. Kama hacheki, subiri.

Wadau: hapa ndipo mpwa aliponikwamisha. Nilidhani mdau ni mwenye dau, mtu aliyeweka chake mezani. Nikamuuliza, kwa mradi huu wa maji, wadau ni akina nani? Akahesabu kwa vidole: wafadhili, wizara, halmashauri, sekta binafsi, vyombo vya habari, asasi nyingine. Nikamuuliza, na yule mama mwenye ndoo?

"Huyo ni mnufaika, mjomba."

"Hata kama kisima hakitoi maji?"

Mpwa akanywa chai.

Kisha likaja hili, na hili naomba mtu anisaidie: "awe tayari kuvaa kofia nyingi." Mimi kofia ninazo mbili. Moja ni ya vito, naivaa Idi na kwenye harusi. Ya pili nilipewa kwenye mkutano wa kampeni 2015, na siivai mpaka nijue nakwenda mtaa gani. Nikauliza kama hizo zinatosha. Mpwa akasema maana yake utaandika, utapiga picha, utahariri video, utaendesha kurasa za mitandao, utatafsiri, utakuwa mshereheshaji, na siku gari la ofisi likiharibika utapiga simu kwa fundi.

Kumbe! Kufanya kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake wa kazi! Ule mstari wa Serikali, ila wao wana adabu ya kukwambia kwamba anayekupangia ni mkuu wako. Huku kofia zinashuka zenyewe kutoka mbinguni.

Baada ya chai ya pili tukaanza kuandika maelezo yangu binafsi. Nilikuwa nimeandika: "Niliandika habari za dampo lililojaa mpaka likahamishwa." Mpwa akasoma, akatikisa kichwa, akafuta. Akaandika: "Aliongoza mchakato shirikishi wa kuibua hoja mtambuka za mazingira uliochangia mabadiliko chanya ya kisera." Nikamwambia lakini dampo lilihama. Akasema hilo watalielewa. Nikamwambia mimi mwenyewe sijalielewa. Akasema, "Mjomba, unaitaka kazi huitaki?"

Mahali nilipoandika "nilimfundisha kazi mwandishi chipukizi" pakawa "alijenga uwezo wa rasilimali watu". Mahali nilipoandika "naweza kuandika haraka" pakawa "ana umahiri wa kutekeleza majukumu chini ya shinikizo". Nilipomaliza kuisoma hiyo karatasi nilimwonea gere mtu huyo. Nikatamani tufahamiane.

Wakaniita. Siku ya usaili nilipanda daladala nikiwa na suruali iliyonyooshwa na tai mfukoni, na njia nzima nikawa namsikiliza konda. "Buguruni, Ilala, Boma, Kariakoo! Nauli mkononi! Mzee sogea, nyuma kweupe!" Kila neno lilifika, na kila abiria alijua la kufanya, hata mimi niliyesogea huku najua nyuma hakuna kweupe wala kijivu. Yule kijana hakuna shirika litakalomwita kwenye usaili.

Ofisini walikuwa watatu. Mama mmoja wa rasilimali watu, mpole, mwenye miwani ya kamba. (Zamani aliitwa ofisa utumishi. Siku hizi sisi ni rasilimali, kama gesi na dhahabu, ila wenzetu hao wakichimbwa hulipwa mrabaha.) Kijana mmoja wa programu mwenye kishikwambi. Wa tatu alikuwa mkuu wa kanda, aliyekuwa Nairobi na akajiunga kwa mtandao. Picha yake ikaganda dakika ya pili, mdomo wazi, na ikabaki hivyo mpaka tunamaliza. Nilimpenda kuliko wote. Alionekana kushangaa kama mimi.

"Tupe mfano," akasema kijana, "wa kampeni ya mawasiliano iliyoleta mabadiliko ya tabia katika jamii."

Hapo nikafurahi, maana hilo nalijua tangu tumboni. Nikawaambia kuhusu Mtu ni Afya. Ilikuwa 1973. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wanasikiliza redio, wanasoma vijitabu, wanajadiliana, halafu wanaondoka kwenda kufanya: kufyeka vichaka vya mbu, kuchemsha maji, kuchimba vyoo. Baba yangu alichimba chetu wakati mama ana mimba yangu. Mimi na choo kile ni rika, ingawa chenyewe kilijaa mapema.

Kijana aliandika kwenye kishikwambi. "Na hadhira lengwa ilikuwa ipi?"

"Mtu," nikasema.

"Sawa. Na ujumbe mkuu?"

"Ni afya."

Akaacha kuandika. Mama wa rasilimali watu akainama kutafuta kitu kwenye pochi, mabega yanatikisika. Nikaona huyu angekuwa shahidi mzuri siku ya hukumu.

Kisha wakanipa jaribio la kuandika. Karatasi moja, nusu saa. Juu kulikuwa na aya kutoka ripoti yao, nami nilitakiwa kuigeuza iwe ujumbe wa kubandikwa kwenye mbao za matangazo kijijini. Nimeikariri:

"Kutokana na changamoto za kiuendeshaji katika miundombinu ya huduma, jamii imeshuhudia kupungua kwa upatikanaji endelevu wa rasilimali maji, hali iliyopelekea kuibuka kwa vyanzo mbadala visivyo rasmi. Hatua stahiki zinaendelea kuchukuliwa."

Nikaisoma kama nilivyoisoma ile barua ya kufukuzwa, polepole, nikitafuta watu. Miundombinu ya huduma ni kisima. Changamoto za kiuendeshaji ni pampu, na pampu haifanyi kazi. Vyanzo mbadala visivyo rasmi ni korongo. Jamii iliyoshuhudia ni yule mama na ndoo yake, na hakushuhudia, alitembea. Nikaandika:

"Pampu ya kisima imeharibika. Maji ya korongoni si salama: yachemsheni kabla ya kunywa. Fundi atakuja tarehe ____."

Maneno kumi na sita na mstari mtupu. Dakika ishirini na tano zilizobaki niliangalia feni.

Kijana akasoma. Mama akasoma. Mkuu wa kanda akaendelea kushangaa.

"Hapa umeacha wazi," kijana akasema.

"Ripoti haisemi tarehe."

"Ungeweza kusema hatua stahiki zinachukuliwa."

"Ni hatua zipi?"

Akafungua kishikwambi, akakifunga. "Zinaendelea," akasema.

"Na hili neno imeharibika," akaongeza, "lina mtazamo hasi. Sisi tunatumia lugha chanya. Mfadhili akipita pale akaliona..."

"Lakini tangazo ni la wanakijiji."

Hapo mama wa rasilimali watu akavua miwani, ikaning'inia kwenye kamba yake, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kusoma tangazo lile nikasikia mtu wa shirika anaongea Kiswahili.

"Baba," akasema, "wanakijiji wanajua kuwa imeharibika. Wao ndio waliotupigia simu."

Hakuna aliyesema kitu. Feni ikazunguka. Nikamtazama na yeye akanitazama, na nadhani wote wawili tuliona jambo lile lile: kwamba kwenye karatasi yangu kila kitu walikuwa nacho, pampu, korongo, hata fundi, na kilichowatia kiwewe ni kale kamstari. Ukisema "changamoto za kiuendeshaji", hakuna atakayekuuliza lini. Changamoto haina fundi. Lakini ukishasema pampu imeharibika, mtoto wa darasa la pili atanyoosha kidole akuulize inatengenezwa siku gani, na nani. Ndiyo maana ile barua yangu haikuwa na mtu. Angekuwepo mtu, ningempigia.

Nikapewa maji ya chupa na nauli kwenye bahasha, nikasaini. Fomu ya kusainia nauli, kwa taarifa yenu, ilikuwa na jina, kiasi na tarehe.

Wiki mbili zikapita. Nikaandika barua pepe kuulizia, kwa lugha ya mpwa, nikiwashukuru kwa fursa na kuomba mrejesho. Jibu likaja siku hiyo hiyo, halina jina chini, limesainiwa na "Timu": "Tunakushukuru kwa kuonesha nia. Mchakato bado unaendelea na utajulishwa kwa wakati mwafaka."

Mke wangu akaniuliza, "Umepata au hujapata?"

Nikamwambia mchakato bado unaendelea.

Akanitazama kama anavyomtazama muuza samaki anayefunika mashavu ya samaki kwa kiganja. "Basi kachukue sukari," akasema. "Na ukafike wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Mtoto amechoka kutumwa."

Nikavaa kandambili nikaenda. Mangi alikuwa anapima mchele. Alipomaliza akafuta mikono, akaivuta kaunta buku, akafungua ukurasa wangu bila kutafuta. Siku hizi unafunguka wenyewe. Mzee Gazeti. Unga, sukari, mafuta, unga, sabuni ya mche, unga. Jumla 37,500. Kwenye safu ya tarehe: 5, imekatwa, 15, imekatwa, 30, imekatwa.

"Mzee wangu," akasema, "tuandike lini?"

Nilikuwa na jibu. Miaka ishirini na mbili ya uhariri, kanuni zote za kazi, nani, nini, lini, wapi, zote zilikuwa kichwani. Nikafungua mdomo nimwambie ukweli: Mangi, sina hela na sijui nitapata lini. Maneno saba. Yakagoma. Likatoka jingine, laini, lina hadhi, halina mtu wala siku:

"Mangi, suala lako liko kwenye mchakato."

Hakukasirika. Akatikisa kichwa taratibu, akalamba ncha ya kalamu, akaandika kwenye safu ya tarehe, kwa hati yake ile nzuri ya shule ya msingi: mchakato. Akaliangalia. Akalipigia mstari chini kwa rula. Halafu akainua macho, kalamu ikiwa bado hewani, akaniuliza kwa upole wa mtu anayetaka kujifunza:

"Na hiyo mchakato, mzee, ni tarehe ngapi?"